Picha Ndani ya Mzinga

Msimu mmoja katikati ya miaka ya tisini, mzinga mmoja wa magome ulikaa chini ya paa la jiko letu bila kwenda porini. Mingine yote nilikuwa nimeshaipaka nta kwa ndani, nyuki wapate kuisikia harufu, nikaibeba kwa baiskeli hadi misitu ya Ugalla na kuitundika. Huo mmoja niliupaka nta, kisha nikauacha. Mdogo wangu anayenifuata, msichana ambaye tangu utotoni hakujaliwa kunyamaza, alipita chini yake kila siku na sufuria zake.

"Kaka, mzinga huu unaumwa?" akaniuliza. "Wenzake wote wameenda kazini, wenyewe umelala tu."

"Gome lina ufa," nikamjibu.

Halikuwa na ufa. Ndani yake palikuwa na bahasha ya kaki, na ndani ya bahasha picha tatu ndogo za mdogo wetu wa mwisho, msichana wa miaka saba. Niliziweka mimi. Naandika haya ili niseme kwa nini, maana watu wa kijiji chetu walinisifu kwa muda mrefu kwa jambo lile lile ambalo nilistahili kuaibishwa kwalo.

Tulizaliwa watatu. Baba alitangulia kufa. Mama akamfuata baada ya mwaka mmoja, mimi nikiwa darasa la sita na miaka kumi na mitano, kwa sababu kwetu wakati ule mtoto aliyekuwa akilinda mashamba dhidi ya ngedere alianza shule akiwa mkubwa. Anayenifuata alikuwa na miaka tisa. Wa mwisho alikuwa na miezi saba, na siku mama alipofariki alikuwa ananyonya bado.

Siku ya kuondoa matanga, mama mdogo, yaani mdogo wake mama, alifungua khanga yake ya juu na kumchukua mtoto amfunge mgongoni. Alikuwa ameolewa Zambia, Mpulungu, kule Ziwa Tanganyika linakoishia upande wa kusini, na lori la kumrudisha ziwani lilikuwa linamsubiri. Hakuna aliyeshangaa. Kwa watu wetu mama mdogo ni mama. Mtoto mchanga akifiwa huenda kwake, na hakuna anayeitisha kikao juu ya hilo. Mimi peke yangu ndiye niliyeona kwamba nafiwa tena. Nikapita katikati ya watu wazima na kumtoa mtoto mgongoni mwake.

"Huyu haondoki," nikasema.

"Utamnyonyesha nini, mwanangu?" mama mdogo akauliza. Hakuwa na hasira, na hilo lilinitisha zaidi.

Aliyejibu hakuwa mimi. Alikuwa jirani yetu, mwanamke wa Kisukuma ambaye familia yake ilikuwa imehamia kutoka kaskazini na ng'ombe wao miaka michache nyuma. Alikuwa ameketi pembeni kama mgeni. "Maziwa yapo," akasema. "Nitakuwa natoa kibuyu kila asubuhi."

Baba mkubwa, aliyekuwa ametoka Sibwesa kuja kusimamia msiba, alitutazama, mimi na mama mdogo, kama mtu aliyeletewa kesi ambayo hakuitaka. Mwishowe akaniambia niseme mbele ya wote nitafanya nini ili mtoto asikue bila kumjua mama yake aliyebaki.

"Akikua kidogo nitampeleka mwenyewe," nikasema. "Wakati wa likizo. Tutakwenda wote watatu."

"Mmesikia," baba mkubwa akasema. "Kasema mbele za watu."

Mama mdogo alifunga tena khanga yake. Kabla hajapanda lori alimshika mtoto uso kwa mikono miwili, akamtazama kwa muda, akaondoka.

Shule niliiacha juma lile lile. Sikuagwa na mtu wala sikulia, nilibaki tu nyumbani siku ya kwanza, na ya pili, na mwalimu alipopita kuniulizia akanikuta natwanga. Mizinga ya baba niliirithi. Nilijifunza kurina asali kwa kuumwa, na kumwogesha mtoto kwa kukosea. Kibuyu cha maziwa kilikuja kila asubuhi kama kilivyoahidiwa, na hata mtoto alipoanza kula ugali hakikukoma. Kilikuwa kidogo, kimefungwa shingoni kwa ukambaa, na yule mama, ambaye wadogo zangu walimwita mama wa maziwa, alikikabidhi kwa mtoto mwenyewe, siyo kwangu.

Barua za mama mdogo zilitufikia kwa madereva wa malori ya samaki. Hazikuwa ndefu. Alitusalimia, akauliza mtoto ameota meno mangapi, ameanza kutembea, ameanza shule? Kila barua iliishia kwa neno moja: lini?

Nami nilipanga. Sijui kama nimewahi kuona mtu aliyepanga safari kwa bidii kama mimi. Nilijua lori la kwenda Karema linapita siku gani, nilijua meli inasimama mbali na ufuko na abiria hufuatwa kwa mitumbwi. Nilijua tutabeba dumu la asali, karanga na mchele, na kwamba hati za kusafiria zinatolewa Mpanda mjini. Jioni tukimenya karanga, wadogo zangu walinisikiliza kana kwamba nimeshafika huko na kurudi.

"Kaka, nje ya nchi kuna ukuta?" mdogo wa mwisho aliuliza siku moja.

"Ukuta wa nini?"

"Si umesema tunatoka nje? Mtu anatoka nje kwa mlango."

"Mlango upo," dada yake akamdakia. "Na mlinzi wake ana mbwa. Anauma watoto wanaobakiza ugali."

Alimaliza ugali wake wote. Mimi nilicheka nao, lakini nilijua ninachokifanya. Likizo ya Juni ilipokaribia nilisema asali ya mwaka huo iko tayari, nikiondoka nyuki watahama na wezi watarina. Desemba nilisema mvua, barabara ya Karema imekatika. Mwaka uliofuata nilisema meli iko matengenezoni, kwa kuwa nilimsikia dereva mmoja akisema hivyo, na sikujisumbua kuuliza kama imeshatoka. Kila sababu ilikuwa na ukweli ndani yake. Ndiyo maana zilidumu. Mpango wenyewe ulikuwa boma langu: kadiri nilivyoupanga vizuri, ndivyo hakuna aliyeweza kusema nimekataa kwenda.

Niliogopa jambo moja tu. Niliogopa mama mdogo atamwona mtoto, na mtoto atamwona mama mdogo, na mimi nitarudi na mikono mitupu.

Mwaka ambao mdogo wangu anayenifuata alikuwa amemaliza darasa la saba na yuko nyumbani hana la kufanya, boma likabomoka. Alikwenda mwenyewe kwa mwenyekiti wa kijiji, akarudi na barua yenye mhuri inayotutambulisha sisi watatu.

"Haya," akasema, akiiweka mbele yangu. "Asali umerina, mvua hakuna, na meli nimeuliza, inatembea. Bado una sababu au tukapige picha?"

Wakati huo Mpanda ilikuwa bado wilaya ya Mkoa wa Rukwa, na studio niliyoijua ilikuwa moja, huko Majengo, chumba chenye pazia la bluu na benchi. Tulikwenda kwa baiskeli mbili. Mpigapicha alikuwa mzee mpole mwenye macho mekundu. Alituketisha mmoja mmoja, na zamu ya mdogo wa mwisho ilipofika akamwekea kopo tupu la rangi chini ya miguu.

"Mama, tazama hapa. Usicheke, usipepese macho. Ukipepesa umeharibu, filamu hairudi nyuma."

Mtoto akatazama. Mzee akabonyeza, akatuambia turudi baada ya juma moja, anasubiri filamu iishe ndipo aisafishe.

Nilirudi peke yangu, nikiwa na asali ya kupeleka sokoni. Mzee akanipa bahasha tatu. Nilizifungua pale pale mlangoni. Yangu ilikuwa kama mtu anayedaiwa. Ya anayenifuata ilikuwa kama yeye mwenyewe, ungesema iko karibu kujibu. Nikafungua ya tatu.

Ilikuwa imetoka vizuri kuliko zote. Mtoto alikuwa ametulia, macho wazi, mdomo umefungwa kidogo, na ilikuwa sura ya mama. Nilikuwa nikimwosha uso ule kila siku na sikuwa nimeona. Labda mtoto akiwa anakimbia sura yake haikai mahali pamoja, na karatasi ndiyo iliyoikalisha. Paji la uso, masikio yaliyosimama kidogo, hata ile namna ya kukaza shingo. Hatukuwa na picha yoyote ya mama. Nikasimama pale Majengo na baiskeli yangu, nikatambua kwamba mama mdogo akiona hivi nilivyoona mimi, hakuna kikao wala ahadi itakayomfanya amwachie tena.

Safari nzima ya kurudi sikuamua kitu. Niliamua nilipowaona wananingoja njiani.

"Zimetoka?" anayenifuata akauliza.

"Zetu zimetoka," nikasema. Kisha nikamgeukia mtoto, nikasema maneno ambayo bado nayasikia kwa sauti yangu mwenyewe. "Ya kwako haikutoka. Mzee anasema ulipepesa."

Hakulia. Alishika macho yake kwa vidole, kama mtu anayekagua kama yapo. "Sikuhisi," akasema.

"Basi apigwe nyingine!" dada yake akasema.

"Filamu imekwisha. Mpaka aletewe nyingine kutoka Tabora, likizo itakuwa imekwisha." Hili nalo nililitunga pale pale, na lilitoka laini kama kweli.

"Basi twende sisi wawili, yeye abaki kwa mama wa maziwa. Mama mdogo ataelewa."

Nikasimama wima. "Tunakwenda wote au hatuendi. Simwachi mdogo wangu."

Maneno hayo yalitembea. Mama wa maziwa aliyasikia, akayapeleka kisimani, na Jumapili iliyofuata mzee wa kanisa aliyatoa mbele ya watu. Akasema kijana huyu angeweza kwenda kutembea nje ya nchi, hati iko karibu mkononi, lakini amekataa kwa sababu ya mdogo wake mmoja, basi wazazi mjifunze kwa yatima. Watu waligeuka kunitazama. Mwanamke mmoja alifuta machozi. Nilikuwa nimeketi na mtoto pembeni yangu, na akanishika mkono, akaninong'oneza, "Asante kaka kwa kutoniacha. Mwaka kesho sitapepesa."

Ningeweza kusema hapo hapo. Ningeweza kusema nyumbani, au njiani, au siku yoyote kati ya siku zilizofuata. Badala yake nilizifunga zile picha kwenye bahasha, nikaisukuma ndani ya mzinga mtupu, nikaziba mdomo wa mzinga kwa kifuniko chake cha gome. Kuzichoma nilishindwa. Ilikuwa sura ya mama.

Hapo mtoto akaanza mazoezi.

Mwanzo nilidhani ni mchezo. Alikaa mbele ya beseni la maji akijitazama na kuhesabu. Akashindana na wenzake shuleni, nani atakaa muda mrefu bila kupepesa, akawashinda wote. Akaenda zizini kwa mama wa maziwa kushindana na ng'ombe.

"Yule mwekundu nimemshinda mara mbili," aliniambia, macho yamevimba. "Yule mweupe ana nzi, anapepesa ovyo, simhesabu."

"Acha, utaumia."

"Siachi. Nisipojua, mwaka kesho tena hamwendi kwa sababu yangu."

Dada yake alimtania, akamwita bundi, na watoto wa jirani wakalichukua jina hilo. Hakukasirika. Aliona anastahili.

Siku moja, mwaka ulipokuwa umezunguka na kiangazi kimeanza, nilikuwa jikoni nayeyusha nta. Kuni zilikuwa mbichi na moshi ulijaa. Nilitoka kuvuta hewa, niliporudi nikamkuta ameinama juu ya meko, uso ndani ya moshi, macho ameyakodoa, machozi yanamtiririka hadi shingoni. Juu ya kichwa chake, hatua moja tu, ulining'inia ule mzinga.

"Unafanya nini wewe!" nikamvuta.

"Moshi nikiuweza," akasema huku anakohoa, "kamera nitaiweza."

Nilimbeba nje, nikamwosha uso kama nilivyomwosha alipokuwa mchanga. Nikamwambia mwaka huu tunakwenda, hata inyeshe mawe. Alikimbia kumwambia dada yake. Na mimi nikajidanganya kwamba kumpeleka ni sawa na kumwambia.

Kwa hiyo tukarudi studio. Nilisema zile picha zetu za mwaka jana zimefifia, tupige upya wote, isionekane tumerudi kwa ajili ya ile ya mtoto, maana sikutaka mzee aulizwe lolote. Mzee alimkumbuka mtoto. Alifungua mdomo kusema kitu, nami nikamkatiza kwa kumuuliza habari za nyumbani kwake. Kisha mtoto akapanda benchi, akaweka miguu juu ya kopo lile lile, akakodoa macho.

"Mama, siyo hivyo. Legeza kidogo."

"Hapana," mtoto akasema bila kusogeza midomo. "Piga tu."

Ndivyo alivyo kwenye hati yake ya kwanza ya kusafiria: macho duara, meupe pande zote, na alama ya chozi shavuni. Afisa aliyegonga mhuri alicheka. "Huyu vipi, alikutana na simba?" Mtoto naye akacheka kwa fahari. Mimi nilitazama ukutani.

Siku ya kuondoka, nyumba ikiwa inabaki tupu, niliogopa mtu anaweza kuuchukua ule mzinga. Nikaitoa bahasha na kuitia ndani ya mfuko wa koti la baba, nikaufunga kwa pini. Mama wa maziwa alikuja na kibuyu, akampa mtoto anywe amalize hapo hapo, akamfunga kitambaa kichwani. Akaniambia kwa Kiswahili chake cha polepole, "Ng'wanawane, mtoto wangu, wewe ni mtu. Mungu anakuona."

Nilisema asante.

Sitaeleza sana safari, ingawa nilikuwa nimeipanga miaka saba. Lori lilitufikisha ufukweni wazima. Mtumbwi ulitupeleka hadi kwenye meli, na mdogo wangu mwenye maneno mengi alikosa la kusema mara ya kwanza maishani mwake, ameshika kamba kwa mikono yote miwili. Mtoto alikaa mbele akitafuta ule ukuta. Tulipopita mpaka, baharia mmoja akamwonyesha milima, akamwambia kule ni Zambia.

"Mbona inafanana na kwetu?" akauliza. Alionekana kuibiwa.

Mama mdogo alikuwa bandarini. Alikuwa amenenepa kidogo na nywele zake zimeanza mvi, lakini nilipomwona akitujia nilisimama, na dada yangu aliyemkumbuka mama akafunika mdomo. Mama mdogo alitupita sisi wawili. Alimshika mtoto uso kwa mikono miwili, vile vile kama siku ya matanga, akakaa hivyo huku watu wanatupita na mizigo.

"Wewe ni mama?" mtoto akamuuliza.

"Ni mimi," akasema.

Tulikaa kwake majuma mawili. Mume wake alikuwa mtu wa kukausha dagaa, na kila asubuhi mtoto alitoka na watoto wa mama mdogo kusambaza dagaa mchangani na kufukuza ndege. Juma la kwanza halijaisha alikuwa ameokota Kibemba cha kutosha kugombana. Alilala ubavuni mwa mama mdogo. Alisukwa nywele kila alipotaka, na alitaka kila siku. Dada yake naye alipumzika, alikula bila kupika. Ilikuwa likizo kweli, ya kwanza kwetu. Mimi ndiye niliyekuwa nahesabu siku.

Siku mbili kabla ya meli kurudi, baada ya chakula cha mchana, mama mdogo alituita ukumbini.

"Mwanangu," akaniambia, "miaka ile nilikuomba mtoto ukaninyima. Sikulaumu. Umemlea, kila mtu anaona. Leo sikuombi wewe. Namuuliza mwenyewe." Akamgeukia mtoto. "Ungependa kukaa na mimi? Shule iko pale, umeiona. Likizo utakwenda kwa kaka."

Nilimtazama mtoto. Niliona jibu likija usoni kwake, niliona furaha ikipanda, halafu nikaiona ikisimama. Aliinamisha kichwa.

"Siwezi, mama."

"Hupendi hapa?"

"Napenda. Lakini mwaka ule nilipepesa, safari ikaharibika. Dada alilia. Kaka angeweza kuja, akakataa kuniacha. Sasa nikibaki, si nitakuwa nimemwacha yeye? Nitakuwa nimemkosea mara mbili."

Hilo ndilo nililokuwa nalitaka tangu siku ya matanga. Alikuwa anarudi nami. Sikuhitaji kufanya lolote ila kukaa kimya, na kukaa kimya nilikuwa nimeshazoea.

Mikono yangu ndiyo iliyonyanyuka kwanza. Nilifungua pini ya mfuko wa koti. Bahasha ilikuwa imelainika kwa nta, imeshika rangi ya kahawia. Nikampa.

"Hukupepesa," nikasema. "Picha yako ilitoka. Ilitoka nzuri kuliko zetu. Mimi niliificha kwenye mzinga, nikasema uongo. Niliogopa hivi hivi tulivyokaa hapa leo."

Alizitoa zile picha. Zilikuwa zimegandana kidogo kwa nta, akazibandua kwa ukucha, moja baada ya nyingine, akazipanga juu ya goti. Hakunitazama. Mama mdogo aliinama akaziona, akajifunika uso na khanga.

Dada yetu ndiye aliyesema. "Na kanisani," akasema polepole. "Kanisani walivyokusifu. Ukakaa. Ukasikiliza mpaka mwisho."

"Nilisikiliza," nikasema.

"Na mimi nilimwita bundi."

Mtoto alinusa picha moja. "Inanuka nyumbani," akasema. Halafu, kama mtu anayejisemesha peke yake, "Kumbe nilitulia." Akazirudisha kwenye bahasha, akatoka nayo, akaenda kwa watoto wa mama mdogo kwenye dagaa. Siku ile hakusema nami, wala kesho yake. Alinisalimia shikamoo asubuhi kwa adabu, kama anavyosalimiwa mgeni.

Siku ya meli alinifuata nikifunga mizigo.

"Nabaki," akasema.

"Sawa."

"Likizo utakuja kunichukua?"

"Nitakuja."

"Au utapoteza picha?"

Hakuwa anatania. Alitaka jibu, amenikazia macho, na nilipokawia akaendelea kungoja. Nikamwambia nitakuja, na kama sitakuja, aende kwa mama mdogo amwambie kaka yake ni mwongo, na asiamini barua yangu yoyote. Alilifikiria hilo. Kisha akatoa picha moja kati ya tatu, akanipa.

"Ya kwenda nayo," akasema. "Usiifiche."

Tulirudi wawili. Dada yangu hakunisemesha hadi Karema, na hapo aliniambia tu nishike dumu vizuri.

Mama wa maziwa alitusubiri uani asubuhi ya kwanza, kibuyu mkononi, akiangalia nyuma yetu. Ningeweza kusema mtoto amebaki kusoma, na ingekuwa kweli, kama zile sababu zangu zote zilivyokuwa kweli. Nilimwambia yote, tangu mlango wa studio hadi kwenye koti la baba. Alisikiliza amesimama. Nilipomaliza alikitazama kibuyu, akakifunika vizuri, akakitia chini ya kwapa.

"Maziwa haya yalikuwa ya mtoto," akasema, akarudi nacho kwake.

Hakikuja kesho yake, wala mwezi uliofuata. Kanisani nilimwomba mzee anipe nafasi niseme, akaniambia mambo ya nyumbani hayasemwi mbele ya madhabahu, niache yapite. Hayakupita. Ule mzinga niliupeleka Ugalla nikautundika, na nyuki wakaingia kama walivyoingia kwenye mingine. Picha niliigongomea ukutani, mahali ambapo kila anayeingia anaiona, na wanaouliza huwaambia.

Likizo ya Juni iliyofuata nilikwenda Mpulungu, sikungoja asali. Alikuwa amerefuka. Tulipofika nyumbani, mizigo ikiwa bado mabegani, tulikuta kibuyu kimewekwa mlangoni, kile kile kidogo cha zamani, kimefungwa ukambaa shingoni. Mtoto alikiokota, akanywa amesimama, akajifuta mdomo kwa mkono. Kisha akaninyooshea kilichobaki.

Nilimwambia amalize tu, ni cha kwake.